Miwani Yangu, Macho ya Mama

Harufu ya mafuta ya cherehani hunirudisha Rubondo, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, kwenye baraza yetu ya udongo, Mama ameinamia kitambaa akihangaika na sindano. "Sofia, njoo unitungie uzi." Mimi vya karibu niliviona vizuri. Vya mbali ndivyo vilivyokuwa ukungu mtupu: ubao wa shule, ng'ombe malishoni, mtu anayenipungia mkono. Mwalimu alinichapa akidhani ni uvivu. Mama naye alikuwa akijigonga kwenye milango, na majirani waliomsalimu kutoka ubavuni wasijibiwe walisema anaringa.

Vita vilivyokuwa vimefunga barabara vilipokwisha, tulipanda lori la ndizi mpaka mjini Mbarara. Mganga wa macho, Mnyankore aliyejifunzia Kiswahili kwa wanajeshi, alinivika fremu nzito ya chuma, akawa anabadilisha vioo. Ghafla herufi za ukutani zikatulia. Nikacheka kwa sauti, nikamgeukia Mama. Kwa mara ya kwanza niliuona uso wake kutoka mbali. Alikuwa akitabasamu, macho yakinitafuta.

Naye akapimwa, muda mrefu.

"Mama, ya mutoto ni kitu kidogo, miwani itamaliza," mganga alisema. "Yako ni presha ndani ya jicho. Dawa itachunga ile kidogo imebaki. Ile imeenda, hapana rudi."

"Hata kwa miwani?"

"Hata na miwani."

Mama akauliza miwani yangu itakuwa tayari lini.

Siku tulipoifuata miwani, tukirudi nyuma ya lori, alinivuta karibu. "Niambie unaona nini." Nikamwambia: majani ya migomba, moja moja, mwanamke anaanika mtama, mbuzi juu ya kichuguu, ndege weupe ziwani. Nilipochoka alisema, "Endelea, mwanangu." Nilidhani anafurahia miwani yangu, nikaendelea kwa majivuno.

Dawa ilipatikana kwa shida, mara nyingi haikupatikana kabisa. Sikuwa nimemaliza shule ya msingi giza lilipomfunika, na cherehani ikauzwa.

Miaka mingi baadaye nilimsikia akiwasimulia wanangu njia ile nzima, mbuzi juu ya kichuguu, ndege weupe, kwa maneno yangu yale yale ya kitoto. Ndipo nikaelewa. Siku ile bado alikuwa akiona kidogo, na alikuwa akijiwekea akiba. Nikatoka nje, nikavua miwani, nikalia.