Meno Mawili ya Mzee Bucha

Kwa miaka arobaini Mzee Bucha alipasua mifupa ya ng'ombe kwa shoka, mguu wa kushoto mbele, bega zima likishuka na pigo, vipande vikiruka hadi kwenye kope za wateja. Alipostaafu akakalia kiti cha plastiki sebuleni kwa binti yake, na kile kiti kikaanza kumchinja yeye. Miguu ikavimba. Kwenda chooni ikawa safari ya kuagwa. Daktari hakumung'unya maneno: asiposogea, mwaka hautaisha naye.

Binti akamburuta hadi uwanja wa shule, ambako nesi wa zahanati alikuwa akiwafanyisha wazee mazoezi. Njia nzima mzee alinung'unika kwamba mikono juu ni ya mwizi aliyekamatwa. Nesi, mgeni wa mtaa, akawapanga wawili wawili, uso kwa uso. Mzee Bucha akainua macho, akamkuta Mhunzi, yule yule aliyemng'oa meno mawili ya mbele ujanani, kwa ngumi moja, mchumba wa Bucha akiona.

"Kumbe bado unapumua," Mhunzi akasema. "Nilidhani inzi wa buchani walishakumaliza."

Ngumi ya kwanza ilimpasua Mhunzi mdomo. Ya pili haikufika popote. Wakakabana, wakayumba, wakadondoka kama magunia, na pale chini, mikono kooni, wote wawili wakakosa pumzi ya kuua. Kuinuka ndiyo kabisa. Kila mmoja alinyanyuliwa na watu wanne, kama jeneza, huku uwanja ukiangua kicheko.

Nesi akamfuta Mzee Bucha damu ya Mhunzi vidoleni. "Mzee wangu, hata kumkaba mtu kunataka mapaja. Wewe huna."

Neno hilo lilimwingia kuliko ngumi. Wakapeana miezi mitatu, yeye na Mhunzi, wamalize kazi.

Nesi naye akatupa filimbi yake, akampa mzee kipande cha bomba na kumwambia apasue ng'ombe asiyeonekana. Upande wa pili Mhunzi alitwanga hewa kwa nyundo. Wazee wengine wakagawana kambi, wakaiga mapigo, wakatukanana kwa raha. Bibi mmoja wa mkongojo alikuwa akipita akifoka, "Nyonga, baba! Shoka halipigwi kwa mkono!"

Siku ikafika. Mhunzi akarusha ngumi ile ile ya ujanani, na jino la tatu likatoka. Mzee Bucha akalala kwenye kokoto, mdomo umejaa damu. Binti akakimbia, mzee akamzuia kwa kidole. Akaweka mguu wa kushoto mbele, kiganja gotini, akasimama. Peke yake. Kisha bega zima likashuka, pua ya Mhunzi ikavunjika kwa mlio wa kuni kavu. Mhunzi akaanguka, akatambaa, akasimama naye.

Wakatazamana, damu hadi vifuani, wima.

"Mwezi ujao?" Mhunzi akauliza.

"Wiki ijayo. Mwezi mzima nitazeeka."

Binti alikuwa ameshaita pikipiki. Mzee akamwekea jino kiganjani, akapanda mlima wa nyumbani kwa miguu.