Seremala Aliyelamba Mbao

Seremala yule hanunui ubao bila kuulamba. Kwanza anaugonga kwa kidole na kutega sikio, kama aliyebisha hodi akingoja kukaribishwa. Kisha anaunusa, anafumba macho na kuutoa ulimi wake, ulimi mrefu uliokwisha kulamba misitu mizima. "Mvule huu," anatangaza, "tena ulikulia kando ya mto, kwenye kivuli." Watu wanaguna, naye anaguna kuwashinda. Ila kitanda alichomtengenezea mama mkwe wake kilimwangusha mama wa watu usingizini, na mkewe akafungasha kwenda kumkanda kiuno. Ujumbe ukaja: kitanda kipya cha mninga, la sivyo mke harudi.

Siku ya kukipeleka, kitanda kiling'aa kwa wekundu. Mama mkwe akakisukuma kwa kidole kimoja, kikasogea.

"Mkwe wangu, mninga gani mwepesi hivi?"

"Umekauka vizuri, mama! Mbao hazinidanganyi mimi."

Na kwa mazoea tu, kabla hajakumbuka kwamba asubuhi ile ameupaka rangi msonobari kwa mkono wake mwenyewe, akainama akalilamba tendegu. Likabaki na baka jeupe. Yeye akainuka anatabasamu, ulimi mwekundu kama kilemba cha jogoo. Mkewe, aliyekwisha kubeba begi lake, akalitua taratibu.

"Baba," mama mkwe akasema kwa upole, "kitanda rudi nacho. Niachie huo ulimi, maana mninga wote umehamia huko."