Vyuma Kwenye Friza

Mjukuu aliamka na njaa, bibi yake akaenda kumtolea maziwa. Alipofungua friza, harufu ya oili ilimpiga usoni. Juu ya chupa za maziwa ambayo binti yake hujikamua kabla ya kwenda kazini zililala silivu nne, yale mabomba ya chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka. Zilikuwa zimeviringishwa kwa gazeti, na uchafu mweusi ulikuwa umechuruzika hadi kwenye vifuniko.

"Baba watoto, hiki nini?"

Mumewe alikuwa sebuleni, amepiga magoti kando ya injini ya gari kuukuu aliloachiwa na marehemu baba yake. Zulia lote lilishalowa grisi, na mkewe alilikanyaga kwa ncha za vidole kama anayepita choo cha stendi.

"Chuma kikipata baridi kinanywea," akasema bila kuinua kichwa. "Kinaingia kwenye bloku ya injini bila nyundo. Usizitoe, bado kidogo."

"Na mjukuu wako anywe nini? Oili?"

"Chupa si zina vifuniko, mama. Pangusa tu."

Bibi alirudi kwenye friza, akanusa kifuniko kimoja, akakunja pua, akatupa chupa zote kwenye pipa la taka. Kisha akazibeba silivu kwa tambaa kuukuu, akazianika uani juani.

"Zitatanuka hizo," mzee akalalamika.

"Zitanuke. Wewe nawa, uende kazini kwa mwanao ukamweleze mwenyewe kwa nini mtoto analia."

Mzee akanawa. Mkewe akamnusa viganja, akamrudisha bombani.