Mwangalizi wa Droni

Baba yangu alianza kukwea mlingoti wa meli ya kampuni moja ya mizigo hapa Mwanza kabla sijajua kuandika jina langu. Nilipoajiriwa kwenye kampuni hiyohiyo, nikawa mtu wa vibali, lakini kazi niliyojipa mwenyewe ilikuwa kumshusha. Umri umekwenda na goti la kushoto linalia kama bawaba. Hata hivyo, kila ukaguzi ulipokaribia alivua viatu, akatemea viganja mate, akakwea kutafuta nyufa. Mimi dirishani nilijifanya nasoma mkataba.

Bosi aliponunua droni ya kupiga picha mlingoti, nilifurahi kuliko yeye. Baba alinuna. "Kitu kinampita mtu mzima juu ya kichwa, hata shikamoo hakuna," alisema. "Hicho hakikulelewa."

Nikaanza kutafuta kibali. Watu wa anga walisema, kama inarukia melini, nenda kwa watu wa meli. Watu wa meli walisema, kama inaruka, nenda kwa watu wa anga. Bandarini nikaambiwa hewa ya juu ya gati ina wenyewe, na ofisi nyingine ikataka kujua picha zitalala wapi. Nilizunguka mpaka mlinzi wa getini akazoea kuniuliza habari za nyumbani. Halafu ikaonekana lazima awepo rubani aliyesomea. Bosi akanitazama mimi. Nikaenda kozi, nikafaulu, na baba akawatangazia majirani wetu wa Igogo kwamba ana binti rubani ambaye hajawahi kupanda ndege.

Miezi ilipita bila kibali, na baba akakwea mara mbili. Nilikasirika sana, maana sheria ya kulinda watu ndiyo iliyokuwa ikimpandisha baba yangu juu. Lakini kurusha bila karatasi sikukubali, hata bosi aliponibatiza Bi Haiwezekani. Meli ingezuiwa, na mkono uliosaini ungekuwa wangu.

Kibali kilipotoka kilikuja na masharti yake. Droni isimkaribie mtu yeyote. Tena awepo mwangalizi wa kuifuata kwa macho muda wote, akiwa mahali pasipo na kizuizi. Hapo nikajiona mjanja, nikamwandika baba kuwa mwangalizi, kwa kuwa mwangalizi husimama chini. Alisoma ukurasa wake mara mbili, kidole kikifuata mistari, akatia sahihi. Baba ni mtu wa maandishi. Akishasaini kitu, anakitimiza kama kilivyoandikwa.

Siku ya kurusha nilisimama upande wa pili wa gati, macho kwenye kioo cha rimoti. Picha ikapanda taratibu: sitaha, paa la chumba cha nahodha, mlingoti, kisha nyayo mbili za miguu mitupu. Baba alikuwa amekaa juu kabisa, ananipungia mkono.

Nikampigia, simu nikaibana begani.

"Baba! Unafanya nini huko?"

"Naangalia. Kule chini kreni inaziba, magunia nayo yanaziba. Si umesema pasipo na kizuizi?"

"Shuka!"

"Nashuka, mama. Rubani hapigi kelele."

Nilitakiwa kuiondoa droni palepale, na kidole kilikuwa tayari. Ndipo nikaona, chini kidogo ya miguu yake, kipago kimoja cha kukanyagia kwenye ngazi ya chuma ya mlingoti kimeachia upande mmoja. Au nimeona vibaya? Ili kujua ilibidi nisogee, na kusogea kulikatazwa. Nikasogea. Mimi Bi Haiwezekani sikufikiria hata kidogo.

"Baba, cha tatu kutoka mguuni kwako kimeachia. Usikikanyage."

Akasema polepole, "Goti hili haliwezi kuruka kipago."

"Weka simu spika, itie mfukoni mwa shati. Tanguliza mguu wa kushoto, wa kulia ndio ubebe uzito. Shika kwa mikono miwili. Shusha. Bado. Bado. Hapo."

Nikamfuata hivyo, droni ikivuma ubavuni mwake, mpaka nyayo zikagusa sitaha. Akaikalia kamba iliyoviringishwa, akainua uso kwenye ile kamera. Simuni nikamsikia akisema, "Shikamoo."

Nilipomfikia nilikuwa nimepanga maneno makali. Nikalia tu.

Mchana uleule nilijaza fomu ya taarifa, baba pembeni yangu na kikombe cha chai. Swali moja liliuliza: Je, chombo kilimkaribia mtu yeyote? Bosi akainama mezani. "Hapo andika hapana. Wakikifuta kibali tunaanza upya, na mlingoti utahitaji mtu wa kuupanda."

Kalamu ikasimama. Jibu la kweli lingeweza kumrudisha baba kulekule nilikomshusha, na la uongo lilikuwa jepesi sana, tena hakuna ambaye angejua.

"Andika ndiyo," baba akasema. Bosi akataka kujibu, lakini baba aliweka kikombe chini kwanza. "Wakikifuta, meli itasubiri. Mimi sipandi tena."

Nilikuwa nimeyasubiri maneno hayo tangu nikiwa mtoto. Nikaandika ndiyo, na kwenye nafasi ya jina la mtu aliyekaribiwa, nikaandika la baba yangu.