Paka Niliyemtuma Keringet

Paka yule nilimchukia, na sitaki kujifanya sasa kwamba nilimpenda. Aliingia kwetu, mtaa wa Section 58, siku ya mvua, akapita katikati ya miguu yangu hadi jikoni kama mwenye nyumba aliyekuja kukagua, na binti yangu akamtupia omena tatu. Kosa lilifanyika hapo. Tangu siku ile alilia. Alilia saa kumi na moja alfajiri mlangoni pa chumba changu, akalia nikipika, akalia akila, mdomo umejaa, sijui sauti ilikuwa inapitia wapi. Nilimpa ugali na supu. Nilimletea mapafu kutoka buchari. Nikamnunulia dawa ya minyoo, akaimeza, akaniangalia, akalia.

"Mami, ako na njaa," binti yangu alikuwa akisema.

"Njaa gani? Huyo ni tumbo limeota mkia!"

Tulikuwa wawili tu katika nyumba ile, mimi na binti yangu, naye alikuwa na miaka tisa. Omena niliziweka kwenye mkebe wa zamani wa majani chai, na ukiutikisa mkebe ule hata kidogo, paka alitokea, hata kama alikuwa juu ya paa la nyumba ya tatu. Jirani yangu, mama mmoja mpole ambaye tunatenganishwa na ukuta mmoja, aliniuliza siku moja kwa sauti ya chini kama tunamtesa paka. Haki ya Mungu, mimi ndiye niliyekuwa nikiteswa.

Jumapili moja uvumilivu ukaisha. Kaka yangu huleta viazi mjini kwa pikapu kutoka kijijini kwetu Keringet, na siku hiyo alikuwa anarudi gari likiwa tupu. Nilimtia paka ndani ya gunia, nikafunga mdomo wa gunia kwa kamba, nikalizungusha mara tatu pale uani. Ndivyo tulivyofundishwa nyumbani: ukimhamisha paka asione njia, na umzungushe kwanza asijue upande aliotoka. Alilia humo ndani, kizunguzungu na yote. Binti yangu alisimama mlangoni, vidole vyake vimefichwa ndani ya mikono ya sweta. Nilidhani ni hasira. Nikamwambia kwa shosho yake, mama yangu, kuna panya wanono, paka atafurahi huko, aache kununa.

Siku tatu nililala kama mtu.

Jumatano jioni nilimwambia binti yangu avue sweta ya shule niifue. Akakataa. Nikamvua mwenyewe, kwa sababu mimi si mtu wa kubembelezana na nguo chafu. Kwenye mkono wa kulia, chini ya kidole gumba, kulikuwa na matundu mawili, mekundu pembeni, na nyama imevimba.

"Ni nini hii?"

Akaanza kulia kabla hajajibu. "Paka. Lakini si makosa yake, Mami. Nilikuwa nampa nyama halafu nikaivuta kidogo."

"Lini?"

"Jumamosi."

"Siku nne! Na kwa nini hukuniambia?"

"Ungemtupa."

Na nilikuwa nimeshamtupa.

Daktari tuliyempata jioni ile alikuwa kijana, mpole, na upole wake ndio ulionitisha. Aliosha lile jeraha kwa sabuni na maji ya bomba muda mrefu sana huku akiniuliza maswali. Paka amechanjwa? Hapana. Huzurura nje? Kila siku. Na kuna mbwa wa mtaani? Wako. Hakuhitaji kulitaja neno lenyewe, nilikuwa nimeshalisikia kichwani. Kichaa cha mbwa. Nikiwa mdogo kule Keringet niliona mbwa wa namna hiyo akipita barabarani, ute unamtoka, anayumba, wanaume wakimfuata na marungu, sisi watoto tukichungulia kwenye nyufa za ghala tulimofungiwa. Niliota ndoto za mbwa yule hadi nikawa mtu mzima.

"Ugonjwa huu ukishaanza hauna dawa," daktari alisema, "kwa hivyo hatungoji uanze. Anachanjwa leo, na chanjo inasaidia. Ungemleta Jumamosi ingekuwa bora zaidi. Sasa, paka yuko wapi?"

Nilimweleza habari ya gunia, nimeangalia sakafu.

Akaniambia kitu ambacho nilikishika kama kamba kisimani. Kama paka atakuwa hai na mzima siku kumi baada ya kuuma, basi siku ile hakuwa na ugonjwa mdomoni. Siku kumi kutoka Jumamosi ni Jumanne iliyokuwa inakuja. "Mtu amwangalie kila siku. Akiacha kula, akijificha, akitokwa na ute, sauti yake ikibadilika, uniambie mara moja. Kwa kawaida hulia sana?"

"Daktari, huyo hajawahi kunyamaza."

"Basi tuombe aendelee."

Nilimpigia mama yangu simu tukiwa bado kwenye benchi la hospitali. Mama anaishi peke yake pale Keringet, na viazi vyake na ng'ombe wake wawili.

"Mama, paka yuko?"

Akakohoa. "Yuko."

"Anakula?"

"Ai, paka wa kushinda akila ni paka gani? Yuko."

Nilimweleza kila kitu.  Halafu akasema, "Usiogope, msichana wangu. Yuko."

Alhamisi nikamwambia aweke simu karibu na paka nimsikie mwenyewe. Akasema paka ametoka, nipige baadaye. Nilipopiga tena nikasikia vishindo, mlango, mama akinong'ona kitu, kisha nyau. Moja tu. Ya chini, yenye mkwaruzo, kama ya mzee aliyekatizwa usingizi. Baada ya hapo, kimya.

Paka wetu hakuwahi kulia mara moja katika maisha yake.

"Mama, hiyo ndiyo sauti yake?"

"Ni baridi ya huku. Unajua huku."

Nilikata simu, nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Sauti yake ikibadilika, daktari alikuwa amesema. Binti yangu alikuwa mezani anaandika hesabu, ulimi umetoka pembeni kama kawaida yake, na bandeji mkononi.

Ijumaa ilikuwa sauti ileile. Jumamosi, siku ya sindano ya pili, sauti ileile. Nilimwambia daktari. Akasema tuendelee na sindano, tusikose hata moja, na kama inawezekana niende nimwone paka kwa macho yangu. Ningeenda kesho yake, lakini Jumapili binti yangu akaamka na homa.

Shindwe! Ndilo neno pekee lililonitoka. Nilimrudisha hospitali nikikimbia nusu ya njia. Wakasema sindano inaweza kuleta homa, wakampa dawa, wakaturudisha nyumbani. Wao walikuwa wametulia. Mimi nilijua kwamba mtu mwenye ugonjwa ule huogopa maji, kwa hivyo nikamgeuza mtoto kuwa mfungwa wa glasi. Akibakisha maji mezani, namsogezea glasi tena.

"Kunywa."

"Mami, nimeshiba maji."

"Nimesema kunywa!"

Akanywa akinitazama juu ya ukingo wa glasi, naye sasa akaogopa, si maji, bali mimi. Niliingia chooni nikauma taulo ili asinisikie. Kila nilipofumba macho niliona mkono wangu ukifunga kamba ya gunia. Majuto ni mjukuu, wanasema, huja kinyume. Yangu yalikuja mbele na nyuma, yakakaa kitandani.

Jumanne homa ilikuwa imekwisha. Nilimwacha na jirani, nikatia ule mkebe wa omena ndani ya mkoba, nikaondoka kwenda Keringet. Nilitaka kumwona paka akila. Nilikuwa nimejiambia akikataa omena, nitajua.

Mama alinipokea langoni akiwa na gambuti zake za shambani miguuni, mkono umeshika leso kifuani. Nyuma yake, kizingitini, alikuwa amelala paka wa kijivu, mzee, sikio limechanika. Paka wetu ni mweupe mwenye sikio moja jeusi.

"Huyu ni nani?"

Mama akaangalia chini. Sijawahi kumwona mama yangu akiangalia chini. "Wako alitoroka. Jumatatu ile, siku moja tu baada ya kufika. Nilimfungia ghalani kwa viazi ashike panya, na sikumpa kitu. Paka akipewa chakula hashiki panya, hata wewe unajua. Asubuhi hakuwako."

"Na huyu?"

"Wa jirani. Nilikuwa nikimwazima ukipiga simu."

Nilimpigia mama yangu kelele, mara ya kwanza maishani, na ng'ombe wakageuka kuangalia. "Wiki nzima, Mama! Wiki nzima nimesikia sauti ya huyu mzee nikidhani mtoto wangu anakufa!"

"Nilitaka ulale," alisema.  "Nimemtafuta kila siku. Mpaka mtoni nimeenda. Nilitaka tu wewe ulale."

 Hofu ilikuwa imerudi mpya kabisa. Paka angeweza kuwa shimoni mahali, amekufa tangu juzi, na hakuna mtu angejua alikufa kwa nini. Nikatoa mkebe, nikaanza kutembea katikati ya matuta ya viazi nikiutikisa, na mama akanifuata nyuma akiita, "Paka! Paka!" Tulizunguka mashamba manne. Watu walisimama na majembe yao kutuangalia, wanawake wawili wazima, mmoja na mkebe. Nilijikaza kisabuni nisilie mbele yao.

Tulifika barabarani, kwenye kibanda ambapo wakulima huleta maziwa yapimwe na kumiminwa kwenye mitungi. Mwanamume mmoja alikuwa anasuuza mitungi.

"Mathe, mnatafuta nini?"

"Paka. Mweupe, sikio moja jeusi." Nikaongeza, "Analia sana."

Aliweka mtungi chini polepole, akashika kiuno.

"Kumbe hiyo kelele ni yenu? Mmetuletea balaa gani? Wiki nzima! Tukifungua mtungi iko hapo, tukifunga iko hapo. Jana imekula chapati yangu, ikamaliza, ikarudi kuniuliza chai iko wapi. Ichukueni leo, tafadhali, ama nitahama mimi!"

Alisema mengine pia, kwa hasira kabisa, na mimi nikatamani asinyamaze. Nikautikisa mkebe.

Kutoka nyuma ya kibanda ikaja ile sauti. Nyembamba, kali, ya kudai, moja juu ya nyingine bila pumzi katikati. Alikuja mbio, mkia juu, tumbo limejaa maziwa ya watu, akauparamia mkoba wangu. Nikamwaga omena kwenye nyasi. Akala akilia, mdomo umejaa, vilevile. Nilikaa chini pale pale kwenye matope na nguo zangu za mjini, nikalia kuliko yeye.

"Na kweli hanyamazi," mama alisema, akanishika bega.

Nilimpigia daktari kwanza. Aliuliza kama anakula. Nikasema msikie. Akacheka, na katika kucheka kwake nikajua naye alikuwa ameogopa. Akasema nimlete paka kesho, pamoja na mtoto, tuongee kuhusu sindano zilizobaki.

Halafu nikampigia jirani, nikaomba kuongea na binti yangu. Sikumwambia kitu. Niliinama tu nikaweka simu karibu na mdomo wa paka, nikaishikilia hapo.  Alisikiliza muda mrefu.

"Mami," alisema mwishowe.

"Ee, mama."

"Ako na njaa."

Nikafungua mkebe tena.