Glenna Svoboda hafungi kilengeo kabla ya kupima jicho

Saa moja asubuhi, Glenna Svoboda anawasha mshumaa. Taa zote za karakana zinawaka na jua limeshachomoza juu ya ghala la nafaka ng'ambo ya barabara, lakini kwake mshumaa ni lazima. Anakishika kilengeo cha bastola kwa koleo ndogo, anakipitisha juu ya moshi mara kadhaa, mpaka kinakuwa cheusi kama tako la sufuria.

"Chuma kikimeta, jicho linakimbilia pale pale," anasema bila kuinua kichwa. "Nataka jicho la huyu bwana liende mbele na likae huko huko. Sasa hivi linazurura tu kama ng'ombe aliyetoroka."

"Huyu bwana yupo hapa na anasikia," anajibu Dwight Haase kutoka kwenye stuli karibu na mlango, kinywa kimejaa kolache, andazi la Kicheki lenye jemu ya plamu.

Dwight ni askari wa sherifu katika kaunti hii ya magharibi mwa Nebraska. Kwa zaidi ya miaka ishirini amelinda barabara za changarawe za kaskazini, ambako nyumba na nyumba hazionani. Kesho anarudia mtihani wa shabaha alioufeli. Akifeli tena, anaondolewa doria na kuwekwa mlangoni pa mahakama, kazi yake iwe kupekua mikoba ya watu.

"Afadhali wanizike," anasema, na hapo hacheki.

Glenna, mwenye umri wa miaka 59, ni fundi bunduki kama alivyokuwa baba yake, Emil. Karakana ni ile ile, jiliwa ni lile lile, na hata desturi ya mshumaa ni ya mzee. Anatengeneza kila aina ya silaha, lakini jina lake limejengwa na vilengeo: vile vipande viwili vidogo juu ya bastola, kimoja mbele na kingine nyuma, ambavyo mpigaji huvipanga kabla ya kufyatua. Watu huvikuta vimekuja na bastola kutoka kiwandani, wakaona havifai, wakanunua vingine.

Shida ni kwamba wanunuzi wengi hawaji kwake kwanza. Katika kaunti hii kuna imani, tena ya wanaume pekee, kwamba kubadilisha kilengeo ni kazi ya nyundo na dakika tano. Glenna anawajua wenye imani hiyo hata kabla hawajafungua mdomo. Huingia na bastola imefichwa ndani ya sanduku la chakula cha mchana.

Wiki mbili zilizopita, Dwight aliingia na sanduku la chakula.

"Nikamwambia fungua tuone mkate," Glenna anasimulia huku akicheka. "Akafungua. Masikini! Nilitamani kulia."

Dwight alikuwa amenunua kwa posta vilengeo vyenye nukta za kijani zinazong'aa gizani, nukta moja mbele, mbili nyuma. Akaibana bastola kwenye jiliwa la gereji yake na kuanza kugonga. Kilengeo cha nyuma hukaa ndani ya mfereji mwembamba uliochongwa kukatiza juu ya bastola, na kwa bastola yake cha zamani hutolewa kwa kusukumwa kutoka kushoto kwenda kulia. Yeye aligonga kutoka kulia. Kilipogoma, akachukua nyundo kubwa zaidi.

Alifanikiwa kukitoa, kwa nguvu za fahali. Alipokipachika kipya, akakipiga kwa chuma juu ya kichupa kidogo kinachoipa nukta mwanga wake, kikapasuka, nukta moja ikafa. Na kilengeo chenyewe kilikaa upande, kama kofia ya mlevi.

Ni kwa bastola hiyo hiyo alikwenda kwenye mtihani na kufeli, kabla ya kuja kwa Glenna.

Hata hivyo, Glenna hakuridhika kwamba nyundo ndiyo mkosaji peke yake. Mtu aliyepiga shabaha vizuri miaka yote, kwa nini alitafuta nukta zinazong'aa? Hakumpa jibu, wala hakugusa tupa. Alihakikisha bastola haina risasi, akaiweka kando, kisha akatoa vipande vya kadibodi nyeusi alivyovikata kwa upana mbalimbali. Akakipachika kimoja kwenye ncha ya rula, akampa Dwight ainyooshe mbele kwa mkono mzima na kulitazama ghala la nafaka kupitia dirishani.

Ndivyo anavyochagua vilengeo. Katalogi zipo, zimejaa rafu nzima, lakini anazifungua mwishoni.

"Nilimwangalia yeye, sikuangalia rula," anasema. "Nikaona kidevu kinapanda juu. Anatazama kama kuku anayemeza maji."

Kidevu kilisema kila kitu. Dwight alivaa miwani ya sehemu mbili, juu ya kutazama mbali na chini ya kusomea. Ili akione kilengeo cha mbele, alilazimika kuinua kichwa atazame kwa sehemu ya chini. Kichwa kikiinuka, shingo inachoka, mikono inatetemeka, risasi inakwenda inakotaka. Na zile nukta tatu zenye mwanga sawa zilizidi kumchanganya, jicho halijui lishike ipi.

Glenna akachukua uzi wa pamba. Akamwambia Dwight asimame kama anayepiga shabaha, akaupima kutoka kwenye shavu lake la kulia hadi mahali kilengeo cha mbele kinapokaa, akafunga fundo.

"Mpelekee daktari wa macho uzi huu. Mwambie unataka lenzi ya kulia ione vizuri pale kwenye fundo, basi."

"Glenna, mimi nimekuja kwa fundi bunduki, sijaja hospitali."

"Na fundi bunduki hafungi kitu mpaka ulete miwani."

"Nikivaa miwani mipya uwanjani, Sajenti Kettler atanicheka mpaka Krismasi!"

"Ukikaa mlangoni pa mahakama atakucheka mpaka ustaafu. Chagua."

Dwight aliondoka kwa hasira, akiubamiza mlango, na uzi akauacha juu ya kaunta. Glenna anakiri usiku huo hakulala vizuri. Mji ni mdogo. Mteja mmoja akinuna, binamu zake wote wananuna, na kuna duka kubwa barabara kuu linalofunga kilengeo chochote bila kuuliza swali.

Lakini hakumpigia simu. Emil, baba yake, aliwahi kuficha macho yake yaliyochoka, mpaka siku alipokosea tupa akaharibu bastola ambayo jirani alizawadiwa siku ya harusi yake. Mzee hakuishika tupa tena. "Kama kuna mtu angembana baba mapema, angefanya kazi miaka kumi zaidi," anasema Glenna. "Sikumbana. Nilimwonea haya."

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Siku ya tatu mlango ukafunguliwa, ila aliyeingia alikuwa Marlys, mke wa Dwight. Akaunyakua uzi kaunta, akauliza fundo ndilo hilo, akautia mfukoni. Jioni ya siku hiyo hiyo Dwight alikuwa kwa daktari wa macho.

Ndiyo maana leo, mkesha wa mtihani, miwani iko puani mwake na mshumaa unawaka. Glenna amechagua kilengeo cha mbele chenye kitone kimoja cha rangi ya machungwa, na cha nyuma cheusi tupu chenye pengo pana, mwanga upite pande zote mbili. Amekipunguza tako kwa tupa, kidogo kidogo, kwani kilengeo kikisuguliwa kupita kiasi kinabadilishwa, lakini mfereji wa bastola ukisuguliwa ndio basi tena. Sasa anakisukuma kwa skrubu ya chombo maalumu, polepole, kutoka kulia, kwani kipya huingilia pale cha zamani kilipotokea. Nyundo imening'inia ukutani.

Nyuma ya karakana kuna uwanja mdogo wenye tuta la udongo. Risasi za kwanza zinatua chini ya alama. Dwight anasonya.

"Tulia. Hilo ni suala la kimo tu," anasema Glenna, na kumwekea kilengeo cha mbele kifupi zaidi ili risasi zipande. Safari hii matundu yanakusanyika katikati ya karatasi. Dwight anavitazama tena vilengeo.

"Naviona," anasema. "Glenna, naviona vyote viwili."

"Basi kesho usifikirie kitu kingine. Kidevu chini."

Kesho yake, Alhamisi, Dwight alifaulu, tena kwa alama alizokuwa hajazipata tangu ujana wake. Sajenti Royce Kettler, mcheshi mkuu wa ofisi ya sherifu, alimwita Profesa kwa sababu ya miwani, na wote wakacheka. Ijumaa, Profesa alikuwa kwenye changarawe zake za kaskazini.

Glenna sasa ana mpango. Kuanzia masika, kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, ataifungua karakana kwa ajili ya macho ya wazee: stuli, kadibodi, dirisha na kidonge cha uzi, bila malipo. Kibao ameshakichora mwenyewe. Anachotaka ni kitu kimoja tu, waje kabla hawajagonga.

"Nitawabana wote," anasema. "Wachukie, wabamize mlango, nitaweka mwingine."

Anazungumza hayo Jumamosi, akikipigilia kibao chake karibu na mlango, wakati gari la ofisi ya sherifu linapoegeshwa upande wa nyuma, mahali ambapo halionekani kutoka barabarani. Anashuka Sajenti Kettler. Anatazama kushoto, anatazama kulia, kisha anaingia na sanduku la chakula kwapani.

Glenna haulizi kuhusu mkate. Anavuta stuli, anaigeuza ielekee dirishani, na kukata kipande cha uzi.

"Karibu, Royce. Kaa hapo," anasema. "Kwanza niambie, umegonga kutoka upande gani?"