Bustani Niliyompeleka Mama Mkwe

Mama mkwe wangu hakuja Johannesburg kutalii. Alikuja kumchukua binti yangu. Kwao Tanga mjukuu wa kwanza hulelewa na bibi, na alikuwa amevumilia miaka mitano. Kisha akasikia redioni habari za maduka ya wageni kuchomwa moto huku kwetu, akakata tikiti. Hilo la kumchukua mtoto hakulitamka hata mara moja. Alifika kwetu Mayfair na begi moja tupu, eti la zawadi. Mimi si mjinga.

Mume wangu, ambaye mbele ya mama yake hufyata mkia, alisema tumwachie Mungu. Mimi nilitaka mama aone kwamba mtoto anakulia mahali pazuri. Basi Jumamosi moja ya Oktoba nikawapeleka bibi na mjukuu wake Parktown, kwenye kasri la mawe lililojengwa zamani na tajiri wa dhahabu. Siku hizi bustani yake iko wazi kwa yeyote.

Majira ya kuchipua yalikuwa yamekolea. Mijakaranda ilikuwa imemwaga maua ya zambarau njia nzima, na binti yangu aliyakanyaga makusudi ili yapasuke chini ya viatu. Mama mkwe alilitazama kasri kuanzia msingi hadi paa.

“Wanakaa wangapi humu?”

“Hakai mtu, Mama. Watu huja kutazama tu.”

“Lo! Na nyie mmebanana chumba kimoja.”

Ulimi huo anao tangu siku ya posa yangu. Akamgeukia mtoto. “Mke mwenzangu, hebu njoo uniambie, maua haya yanaitwaje?” Ndivyo bibi zetu wanavyowatania wajukuu wa kike. Binti yangu alimwelewa vizuri tu, ila akamjibu kwa Kizulu na kukimbia. Wiki nzima ilikuwa hivyo hivyo. Bibi hakuwa amesikia hata sentensi moja ya Kiswahili kutoka kwake, na kila mara alinitazama mimi.

Simu ikatetemeka. Mume wangu: mjini kumechafuka tena, msipande teksi, ningojeni hapo hapo. Nikairudisha simu mkobani, nikaendelea kusifu mawaridi. Nilimkasirikia kila mtu: waliokuwa wakichoma, mume wangu, hata yule tajiri aliyekwisha kufa.

Tulipokata kona ya ukuta, tukaona kundi la wanaume wakipanda njia ile ile kuja kwetu, wamebeba vitu virefu mabegani. Mama mkwe hampiti mtu bila salamu, na tayari alikuwa ameshafungua kinywa. Binti yangu akamshika mkono kwa nguvu.

“Bibi, nyamaza. Usiseme Kiswahili. Tazama chini, tembea polepole.”

Kiswahili safi, hakukwama hata neno. Yalikuwa maneno yangu, niliyomwambia kila asubuhi tukienda shule.

Bibi akanyamaza. Akatazama chini, mwanamke ambaye sikuwahi kumwona akimwinamishia macho mtu yeyote. Kumbe walikuwa watunza bustani na reki zao. Mmoja akamsalimu mtoto, “Sawubona!” Naye akaitikia, “Yebo, baba!” Wakapita wakicheka.

“Sharp, Bibi,” akasema binti yangu, yaani mambo shwari, akamwachia mkono, akarudi kwenye maua yake.

Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno makali. Majibu nilikuwa nayo: shule, hospitali, kazi ya baba yake. Lakini mama mkwe aliketi kwenye ngazi za mawe, akajipangusa uso kwa mtandio. Wakati ule nilimpenda kuliko siku zote, na nilimchukia pia. Nikaketi kando yake.

“Mchukue, Mama,” nikasema.

“Na wewe, mwanangu? Wewe nani atakuja kukuchukua?”

Nililia pale pale kwenye ngazi, mchana kweupe, wageni wakipita na kamera zao.